Mkono wa Kushoto wa Mama Alain

Wiki ya tano bila kiyoyozi, Mzee Wilondja alivaa koti na tai akaenda ofisi ya majengo. Joto la Julai hapo Dallas lilikuwa limefika digrii mia moja na nne za Farenhaiti, lakini alisema hawezi kwenda kudai haki yake akiwa na fulana. Mkewe, Généreuse, alimfuata na karatasi ya malalamiko. Walipofika mezani aliitoa jinsi alivyolelewa na Wabembe wenzake kule Fizi, Kongo: mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, magoti yamekunjwa kidogo.

Meneja, mwanamke kijana mwenye tabasamu lisilokauka, aliichukua huku macho yake yako kwenye simu.

"Tunalishughulikia," alisema kwa Kiingereza.

"Ulisema hivyo wiki nne zilizopita," Wilondja akajibu. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya jioni, kila neno limenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. "Jengo C lina nyumba sitini. Zote ni tanuri."

"Bwana, kwenye faili la jengo C nina lalamiko moja tu. La kwenu. Wengine naona wako sawa."

Wengine hawakuwa sawa. Walikuwa wamelala sakafuni, milango wazi, wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Ila Vickery Meadow, mtaa wao, ni mahali pa watu waliokimbia nchi zao, na mtu aliyewahi kusakwa kwa orodha hapendi kuandika jina lake kwenye karatasi ya ofisi. Kulikuwa na Waburma, Waafghani, Waeritrea, Warundi, Wakongo wa kila kona. Mara moja Wilondja alikuwa amebandika tangazo la mkutano kila mlango, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nusu ya majirani hawakuweza kulisoma, na kabla ya saa sita mchana mlinzi alikuwa amekwisha kuyabandua yote.

Siku hiyo hiyo mwana wao alipiga simu kutoka Houston.

"Papa, wiki iliyopita mama ameanguka jikoni. Presha iko juu. Mimi nita-drive Jumamosi ya wiki ijayo. Kama AC haijatengenezwa, ninawapakia wote wawili. Chumba kiko tayari."

"Na shule yangu?"

"Shule? Papa, uko na miaka sabini na moja!"

"Ndiyo maana nina haraka," alisema Wilondja. "Sikiliza, Alain. Mimi nimehamishwa mara tatu na watu wenye bunduki. Sihamishwi na mashine iliyoharibika."

"Basi usihame. Lakini mama namchukua."

Hapo mzee aligeuka kumtazama mkewe. Généreuse alikuwa kitandani na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, akisikia yote. Walikuwa wameoana miaka arubaini na sita. Kwenye kambi ya wakimbizi waliwahi kutenganishwa miezi minane, na Wilondja alikuwa ameapa kwamba haitatokea tena. Jumamosi ya wiki ijayo: siku kumi na moja.

Jioni alipanda treni kwenda chuoni, kama kila Jumanne na Alhamisi. Zamani alikuwa akibeba makasha kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, kule Irving, mpaka goti lilipokataa. Siku goti lilipokataa alisema vizuri, sasa ni zamu ya kichwa. Alimaliza cheti cha sekondari akiwa na miaka sitini na nane, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Sasa alikuwa anasoma historia ya sanaa. Mwalimu alikuwa Cherotich, mama wa Kikenya aliyeishi Carrollton. Darasani alizungumza Kiingereza na kila mtu. Wakitoka nje, yeye na mzee walizungumza Kiswahili, kila mmoja akicheka cha mwenzake.

Siku hiyo mwalimu aliweka picha mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya rangi na dhahabu, imechorwa kwenye ukuta wa kanisa dogo la tajiri mmoja wa Italia, yapata miaka mia tano na zaidi iliyopita. Ya pili ilikuwa karatasi nyeusi na nyeupe, imechapwa kwa ubao wa kuchongwa, imechakaa pembeni.

"Ule ukuta," alisema, "aliyetaka kuuona alihitaji ruhusa ya mwenye ukuta. Hii karatasi, fundi viatu aliinunua sokoni akaibandika jikoni kwake. Bwana mkubwa akichukia picha ya ukutani, anaita mtu wa chokaa. Akichukia hii, anachana moja na kesho kuna mia tano nyingine."

Wilondja alinyoosha mkono. "Na wale wasiojua kusoma?"

"Hao ndio waliokuwa wengi, mzee. Picha ziliwasomea. Walicheka askofu aliyechorwa na masikio ya punda, na mtu ukishamcheka, kumwogopa kunakuwa kazi."

Kisha akawaonyesha mbinu mpya za zama zile: jinsi mistari yote ya sakafu na kuta inavyokimbilia nukta moja mbali, mpaka karatasi bapa inakuwa njia unayoweza kuiingia, jinsi mistari mingi ya karibu karibu inavyozaa kivuli bila rangi. Wilondja aliandika yote. Halafu akafunga daftari, akatazama nje dirishani muda mrefu.

Alhamisi, baada ya somo, alimfuata mwalimu kwenye korido. "Madam, naomba kipande cha linoleamu, ule mfano wa mpira bapa wa kuchongea picha. Na wino."

"Ni ya project ya mwisho?"

"Ni ya mwisho, ndiyo," alisema mzee.

Jumapili, zamu yake ya ushemasi kanisani ilipokwisha, alitandika magazeti mezani. Alichora korido ya jengo C, mlango kwa mlango, na juu ya kila mlango sanduku la kiyoyozi lililokufa. Mistari yote aliikimbiza kwenye nukta moja, na kwenye nukta hiyo akaweka mlango wa ofisi. Mbele kabisa akamweka Généreuse na kitenge chake, akitoa karatasi. Na meneja, bila kumtazama, akiipokea. Hakuandika neno hata moja. Alichonga kuanzia saa nane mpaka jua lilipoanza kushuka, jasho likidondoka kwenye linoleamu. Mashine ya kuchapia hakuwa nayo, kwa hiyo alipaka wino kwa rola, akalaza karatasi, akaisugua mgongoni kwa mwiko wa kusongea fufu.

"Mwiko wangu!" Généreuse alilia kutoka kitandani.

"Nitauosha."

"Utanunua mwingine!"

Alichapa sitini. Jumatatu alfajiri, kabla ya mlinzi kuamka, zilikuwa kwenye milango sitini.

Saa kumi jioni Josiane, jirani wa ghorofa ya chini na mwimbaji wa kwaya, aligonga huku anashika mdomo.

"Papa Wilondja, picha ni nzuri, kabisa. Mama Alain nimemjua kwa kitenge tu. Lakini, papa… unamtafutia aibu gani mke wako?"

"Nimefanya nini?"

"Anatoa kwa kushoto!"

Wilondja aliitwaa picha. Kweli. Alikuwa amemchora anatoa kwa mkono wa kulia, akachonga wa kulia, na karatasi ilipobanduliwa kutoka kwenye wino, kila kitu kikageuka kama kwenye kioo. Mlango wa ofisi ukihamia upande mwingine, hakuna anayejua. Korido ni korido. Lakini Mama Alain, mke wa shemasi, mwanamke ambaye hata chumvi hakupi bila kushika kiwiko, alisimama mbele ya milango sitini akimkabidhi mtu karatasi kwa mkono wa kushoto, kama anayemtupia mbwa mfupa.

"Warundi wanacheka," Josiane akaendelea bila huruma. "Hata yule mama wa Afghanistan ameniuliza kwa vidole: huyu mama ana hasira na nani?"

Généreuse alikuja, akaitazama picha, akarudi chumbani. Mlango haukubamizwa. Afadhali ungebamizwa.

Jumanne jioni mzee alimwonyesha mwalimu kosa lake huku ameinamisha kichwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Cherotich alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, umeingia kwenye kundi la wakubwa! Wachapaji wa zamani wakinakili picha ya mwenzao, ilitoka imegeuka. Mashujaa walichomoa upanga kwa kushoto. Na watu walinunua tu, hakuna aliyerudisha."

"Hao hawakuwa na mke Mbembe."

"Aki, hapo kweli." Akafuta macho. "Basi chonga nyingine. Safari hii chora kinyume, ndiyo itoke sawa. Linoleamu ninayo."

Akarudi nayo nyumbani, kipande kipya chini ya kwapa. Alikuwa amepanga maneno yote ya kuomba msamaha, ameyapanga tangu kituo cha treni. Alimkuta Généreuse ameketi mezani, picha iko mbele yake, feni ndogo inampulizia joto usoni.

"Mama Alain, kesho nitaziondoa zote. Ninachonga nyingine. Kosa ni langu."

"Usichonge."

"Nini?"

"Nimesema usichonge." Hakuinua macho. "Wiki tano nimempelekea yule mtoto karatasi. Kwa kulia. Nimeshika kiwiko. Nimepiga goti, mimi, mwenye goti bovu kuliko lako. Aliona?"

Wilondja alitikisa kichwa.

"Mlangoni mwa kila mtu kuna mimi ninayefanya kitu ambacho sijawahi kufanya. Jana niliona aibu. Usiku nikaanza kumtazama huyu mwanamke." Aliweka kidole kwenye picha. "Huyu haogopi mtu. Nimempenda. Chapa nyingine."

Alitaka kubisha. Kosa lilikuwa lake, na yeye alikuwa mtu wa kusahihisha makosa yake. Daftari zake zote zilikuwa safi. Kuacha kosa litembee kwenye milango ya watu kulimuuma kama kokoto kiatuni. Lakini alimtazama mkewe, akaona uso aliouona mara moja tu zamani, siku walipovuka ziwa na askari akamwambia shusha mzigo, naye akakataa.

Akaenda kuchukua mwiko.

Jumatano na Alhamisi walichapa pamoja, yeye anapaka wino, mama anasugua. Mpaka hapo picha hazikuwa zimebanduliwa. Mlinzi aliyekuwa akibandua matangazo hakujua kama picha ni tangazo, akaenda kuuliza. Na meneja akapendezwa. Alimpigia Wilondja simu mwenyewe.

"Bwana, ninyi wasanii! Nimetundika moja hapa ofisini, nyuma ya kiti changu. Hii ndiyo jamii tunayoitaka."

"Asante," alisema Wilondja, akakata simu, akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa sababu kila mtu mwingine aliisoma. Waburma waliisoma, Waafghani waliisoma, Waeritrea, Warundi. Watu wasioweza kusalimiana kwa lugha moja walisimama kwenye korido wakionyeshana ule mkono, wakitikisa kichwa, kisha wakifuata ile mistari kwa kidole mpaka kwenye mlango wa ofisi. Josiane alipita na picha mpya, akionyesha nyuma yake, palipokuwa peupe: hapo weka namba ya nyumba. Si jina. Namba tu. Kisha akainua vidole vitano, yaani saa kumi na moja kwa hesabu ya Kimarekani, na kusema neno moja la Kiingereza ambalo wote walilijua: Friday.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Wilondja alivaa koti na tai. Alihesabu watu kumi alipotoka mlangoni, na moyo ukamshuka. Walipofika ngazi za chini walikuwa thelathini. Kwenye maegesho akaacha kuhesabu. Watu wa jengo B nao walikuwa wamekuja, na mzee mmoja wa Kiafghani amevaa koti vilevile, wakapeana heshima kwa macho.

Meneja alisimama nyuma ya meza. Nyuma ya kichwa chake picha ilikuwa imetundikwa kwenye fremu nzuri.

"Kuna sherehe?" aliuliza.

"Ulisema una lalamiko moja," alisema Wilondja. "Tumeleta mengine. Nakala ya kila moja itafika kwa mkaguzi wa jiji Jumatatu. Ukichana hizi, tuna linoleamu nyingine."

Généreuse akasogea mbele. Mkono wake wa kulia aliuweka mgongoni, kama anayeuficha usije ukajitokeza wenyewe kwa mazoea. Kisha, magoti yamenyooka, akanyoosha mkono wa kushoto, akatoa karatasi.

Meneja aliipokea. Akaja Josiane: kushoto. Mama wa Kiburma: kushoto. Mzee wa Kiafghani, mtoto wa watu wenye adabu zao, alifumba macho kwanza: kushoto. Mmoja mmoja, bila neno, bila kelele, karatasi zikipanda mezani. Kwenye ya ishirini tabasamu la meneja lilianza kukauka. Kwenye ya arubaini aligeuka, akaitazama picha nyuma yake, akautazama mkono, akageuka tena kuwatazama watu. Hakuelewa yote. Alielewa kiasi cha kutosha kuketi na kuweka simu chini.

Zilikuwa themanini na saba.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la Alain liliingia kwenye maegesho. Alipanda ngazi akiwa amebeba masanduku mawili matupu. Ndani mlikuwa na joto lile lile. Mama yake alikuwa ameketi karibu na dirisha, feni usoni, miguu ndani ya beseni la maji.

"Papa, tulikubaliana. AC haifanyi kazi."

"Chungulia," alisema Wilondja.

Juu ya paa la jengo A mafundi watatu walikuwa wanafungua mashine. Ngazi yao ilikuwa ndefu, gari lao limejaa vyuma.

"Hiyo ni A. Ninyi ni C. Watafika hapa lini?"

"Ninajua alfabeti," alisema mama. "Kama wakisimama B, Jumatatu narudi ofisini. Nikienda Houston, nani atatoa karatasi? Weka masanduku chini, mwanangu, uko na jasho."

Akatoa miguu kwenye beseni, akajaza glasi maji kutoka kwenye friji, akampa mwanawe. Kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko.