Kalio la Profesa

Katika wodi yetu ya walioumia uti wa mgongo, hakuna aliyejua kutunza ngozi kunizidi mimi. Hilo lieleweke mapema. Nesi akianza somo, mimi namalizia. Akiletwa mgonjwa mpya, nesi husema, "Mpelekeni kwa Profesa." Profesa ndiye mimi: kidato cha nne na ulimi wa ziada.

"Ndugu yangu," nilikuwa nawaambia, "kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili umekata mawasiliano. Kalio likiumia halipigi simu. Kwa hiyo jinyanyue kwenye kiti kila mara, mikono isukume, matako yapate hewa, damu ipite. Usikae bila mto wako. Asubuhi na jioni jikague kwa kioo. Na usingoje wekundu unaoonyeshwa kwenye bango la ukutani. Ngozi yetu sisi huzidi weusi, ikawa ngumu na ya moto."

Watu walicheka, wakashika. Asiyecheka ni Dereva, jirani yangu wa kitanda, mtu mzima aliyezeekea kwenye malori. Nilimkuta amelala kifudifudi kwa ajili ya kidonda kilichochimba mpaka karibu na mfupa. Anakula kifudifudi, anasalimia kifudifudi, dunia anaiona kwa upande mmoja, shavu likiwa godoroni.

"Mimi nimeegeshwa," husema, "na ufunguo kaondoka nao mtu."

Siku yangu ya kuruhusiwa, dada yangu alikuja kunichukua. Nyumbani kwake alishavunja ukuta kupanua mlango wa choo, na wanawe amewahamishia sebuleni ili mimi nipate chumba. Teksi ilikuwa nje inangoja. Nesi alitaka jambo moja tu.

"Jikague, uvae, uniambie. Ukiwa safi, nenda salama."

Nikavuta pazia upande wa mlango, nikalala ubavu, nikachukua kioo cha mpini mrefu.

Upande wa kushoto palikuwa na doa. Dogo, la mviringo, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Nikalibonyeza kwa kidole, nikaachia. Halikubadilika. Nikaweka mgongo wa mkono: moto.

Nilijua limetoka wapi. Jana yake, kwa furaha ya kuaga, nilivaa jinzi mpya aliyoniletea dada, nikaenda barazani kucheza drafti. Magoti yakakataa kuingia chini ya meza, maana mto wa kiti ulikuwa umeniinua. Nikauchomoa, nikauweka pembeni. Kila nilipotaka kujinyanyua, mpinzani alikuwa amebakiza kete chache, na mimi huruma sina. Kumbe mfuko wa nyuma wa jinzi una kifungo cha chuma. Nilikikalia alasiri nzima, na kalio, kama nilivyofundisha, halikupiga simu.

Dawa yake pia nilikuwa naifundisha: alama isiyofifia haikaliwi mpaka ifutike. Yaani kitandani, kwa ubavu au kifudifudi, kwa siku ambazo hakuna anayekuahidi mwisho wake. Nikayatazama yale mabati ya dari niliyoyajua msumari kwa msumari. Nikisema, nafungiwa hapa. Nisiposema, nalikalia doa njia nzima mpaka nyumbani, lifunguke, nirudishwe na kufungiwa zaidi. Milango miwili, yote inaingia wodini. Nikachagua ule unaopitia nje kwanza. Nikavaa suruali laini.

"Vipi?" nesi aliuliza nyuma ya pazia.

"Safi kama sahani ya mgeni."

"Hakuna alama popote?"

"Nesi, mimi? Unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

Akacheka, akaenda kuchukua dawa zangu. Dada akaingia na kiti cha magurudumu, akawa anakung'uta mto.

"Haya mdogo wangu, mwenye teksi ameshaanza kununa."

Nikakiinua kioo nikitie mkobani. Ndani ya kioo nikaona jicho, na halikuwa langu. Upande wa Dereva sikuvuta pazia. Nani humvutia pazia mtu aliyelala kifudifudi? Kumbe muda wote uso wake ulikuwa usawa wa kalio langu.

"Profesa," alisema polepole, "umebonyeza. Halikubadilika."

"Mzee wangu, pole na uchovu. Lala kidogo."

"Langu lilianza dogo hivyohivyo. Na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Dada akaacha kukung'uta. "Nini hakikubadilika?"

Nikatafuta utani. Miaka yote utani huwa unanijia kabla sijauita. Safari hii nilikuta ghala tupu. Viatu vya nesi vilisikika koridoni vikirudi.

"Mwambie wewe," Dereva alisema, "au nimwambie mimi?"

Nikamtazama dada. Hakuwa ananiangalia usoni. Akaweka mto chini, akaninyang'anya kioo.

"Geuka," akasema.