Sindano Aliyoinoa Mwishehe

Mwishehe aliipitisha sindano kwenye pamba kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu ikatoka na unyuzi. Akairudisha kwenye jiwe. Ncha yenye kulabu namna ile humchana mgonjwa badala ya kumchoma, na mgonjwa wa leo alikuwa Mwanahalima, mkewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akinoa na kuchemsha sindano katika kibanda cha moto, nyuma ya zahanati ya Kisarawe. Cheo hakuwa nacho. Mkewe mwenyewe humtania kuwa ni mnoa visu aliyekosa visu. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona hata sindano yake moja ikiingia mwilini mwa mtu. Alizikabidhi mlangoni kwenye sinia, akazipokea zikishatumika.

"Bwana Mwishehe, ilete mwenyewe," mganga Raphaeli aliita kutoka ndani. "Utamshika mkono."

Mwanahalima alikuwa amekauka, macho yamezama. Majirani walikuwa wamepokezana machela kutoka Kurui tangu alfajiri. Kabla ya hapo aliharisha na kutapika siku mbili, na siku zote mbili Mwishehe, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko, alimnyima maji. Ndivyo alivyolelewa: anayeharisha hanyweshwi, maji humzidishia. Tena yeye, mtu wa zahanati! Alipokiri hilo, Raphaeli hakumgombeza. Upole ule ulimuuma Mwishehe kuliko matusi.

Raphaeli alikuwa amekwisha kuchoma mara mbili akitafuta mshipa wa kumtilia maji, mishipa ikamkimbia. Aliinama karibu na mgonjwa.

"Mama, njia ziko mbili. Nijaribu tena mkononi kwa sindano, ukae mkono umefungwa kwenye ubao mpaka kesho. Au nikupasue kidogo juu ya kifundo cha mguu, niingize mpira huu mwembamba. Huo hautoki hata ukijigeuza. Wewe unataka ipi?"

Mwishehe alishangaa. Hakujua kwamba wagonjwa huulizwa.

"Hiyo sindano kanoa nani?" Mwanahalima aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Mumeo."

Akamtazama mumewe. "Basi mkononi."

Mwishehe alitamani angechagua mpira. Aliushika mkono ule, mwepesi kupita kiasi. Raphaeli akapapasa, akabonyeza, akachoma. Ngozi haikusita. Damu ikachungulia kwenye mpira wa chupa iliyotundikwa juu, ikarudi ilikotoka, na maji ya chumvi yakaanza kudondoka, tone baada ya tone.

"Subhanallah," Mwishehe alinong'ona.

Alikuwa ameona mito ikifurika na visima vikikauka, lakini hakuwahi kuona maji yakiingia ndani ya mtu bila kupita kinywani. Yalipita katika tundu alilolisafisha kwa waya muda mfupi uliopita, tundu lisilopitisha hata punje ya mchele. Chupa ilipofika nusu, mishipa ya mkono ikaanza kuinuka. Midomo ikapata rangi. Mwishehe alijiona mbele ya jambo lile kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Iliuma, mama?" Raphaeli aliuliza.

"Kidogo. Kama siafu mmoja." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Jumbe, maji niliyaomba."

"Uliyaomba."

"Niliyaomba sana."

"Nisamehe, mke wangu."

 Mwanahalima alifumba macho, akayafumbua. "Nayaomba na sasa."

Raphaeli alijaza kikombe, akampa Mwishehe pamoja na kijiko. "Kidogo kidogo," alisema. Kisha akakusanya sindano zilizotumika kwenye sinia na kutoka nazo nyuma. Baada ya muda sauti yake ikasikika kibandani, akikohoa kwa moshi, akiupuliza moto uliokataa kuwaka. Mwishehe hakwenda kumsaidia. Alichota kijiko cha kwanza, akakipeleka mdomoni mwa mkewe, akangoja mpaka alipomwona akimeza.