Nadhiri ya Maganda

Katika maabara moja ya Bangkok, Kanlaya alitakiwa kuonyesha maganda matupu ya kirusi, yaliyoundwa kwa protini zilizoshikana, kabla ya Ijumaa, la sivyo ufadhili wake wa masomo ungepewa mwingine. Protini za ganda alikuwa nazo tele, lakini zilielea tu majini kama wajumbe wa kamati, kila moja kivyake.

Msimamizi wake, Profesa Prachuap, mtu wa sayansi tupu, alikwenda kwenye kijumba cha mizimu nyuma ya maabara, mahali pa kutolea mizimu sadaka, akaitolea soda nyekundu na kuweka nadhiri ili maganda yapatikane.

Kanlaya yeye akaongeza asidi kidogo kwenye maji yale. Protini zikashikana zenyewe, bila mwenyekiti, zikawa vimpira vitupu, kama virusi vilivyosahau ugonjwa nyumbani.

“Unaona? Mizimu imesikia!” Profesa alishangilia, akichungulia kwenye hadubini.

“Mwalimu, ni asidi.”

“Na wazo la asidi ulilipata wapi, mwanangu?”

Kanlaya akaifunga chupa ya asidi.

“Basi nadhiri ni deni. Niliiahidi mizimu ngoma.”

“Hongera, Mwalimu. Utacheza lini?”

“Mimi? Niliahidi kwamba utacheza wewe.”

Ufadhili ulibaki wa Kanlaya. Alicheza adhuhuri, juani, mbele ya kijumba, maabara nzima ikipiga makofi na Profesa akimsahihisha mikunjo ya vidole ya ngoma ya Kithai.