Tende Ndani ya Mkate

Miaka miwili mizima Lalla Rhimo alipenda kwa unga, na mtaa usijue. Si jambo dogo hilo katika mji mkongwe wa Tetouan, ambako mtu akipiga chafya uani kwake, jirani wa nyumba ya tatu humwombea rehema.

Mambo yalikuwa hivi. Kila asubuhi wanawake hukanda unga nyumbani, wakaipanga mikate kwenye ubao, ukapelekwa kwenye tanuri la mtaa la Bwana Abdeslam. Kila nyumba ina alama yake: hawa hudunga uma mara tatu, wale hubonyeza kidole katikati. Abdeslam, mgane wa miaka sitini na mbili, hakuwahi kuchanganya hata mkate mmoja. Na pembeni ya ubao wa Rhimo palikuwa na mkate mdogo usio na alama yoyote. Huo ulikuwa wa Abdeslam. Ukiwa na ufuta, maana yake Rhimo ameamka salama. Ukiwa mtupu, asimsemeshe leo. Siku moja Rhimo alimwona akichekacheka na mwanamke muuza jibini, kesho yake akautia pilipili. Abdeslam aliula wote, machozi yakimtiririka, akasema ni moshi wa kuni.

Siri ilikuwa ya nini, na Rhimo ni mjane wa miaka hamsini na sita asiyemwibia mtu mume? Sababu ilikuwa Anwar, mwanawe. Mchumba mmoja alipotajwa zamani, Anwar alisema, "Mama ana mimi. Mume wa nini?" Rhimo alitamani kumuuliza kama na yeye alimwoa Ikram kwa kukosa mama. Akameza maneno yake.

Sasa Jumapili, Abdeslam akimkabidhi ubao, alimnong'oneza, "Lalla Rhimo, nimechoka kula peke yangu kwenye kizingiti cha tanuri. Nataka tukae meza moja, kwa halali. Nijibu kwa namna unayojua."

"Ukikuta tende ndani ya mkate, ni ndiyo," Rhimo alisema bila kumtazama. "Ukikuta zeituni, kabishe hodi kwingine."

Siku tatu hakupata usingizi wa maana. Jumatano alichagua tende nono, akatoa kokwa, akaweka lozi mahali pake, akaifunika kwa unga. Basi goti likamvimba asubuhi hiyohiyo! Ubao ulibebwa na mkwewe Ikram, aliyekuwa akikimbilia kazini. Akautua mlangoni mwa tanuri, huyo akaenda zake. Ndani hakuwemo Abdeslam. Alikuwa nyumbani na homa, na kazi ameishika mpwa wake kutoka Tangier, baba wa watoto wanne, lakini mikate ya mtaa ule haijui kabisa. Aliona mkate mdogo usio na alama, akadhani umeteleza kutoka ubao wa jirani, akauhamishia huko. Na ubao wa jirani, kati ya mbao zote alizoziumba Mungu, ulikuwa wa Hajja Zhor.

Hajja Zhor si mbaya. Ni vile tu alipewa masikio na ulimi, asipewe breki. Alipoumega ule mkate, lozi ikamtolea jicho kutoka ndani ya tende. Kabla ya adhuhuri picha yake ilikuwa kwenye simu za wanawake wote, pamoja na sauti yake ikitetemeka: "Wanawake wenzangu, nimerogwa! Njooni mshuhudie!"

Baada ya alasiri ua wake ulijaa. Rhimo aliingia akichechemea, ameegemea bega la Ikram. Mkate ulikuwa kwenye sinia katikati, umemwagiwa chumvi, umefunikwa chekecheke kana kwamba ungeweza kuruka.

"Mmeona?" alisema Hajja Zhor. "Kuna mtu anataka kumfumba macho mume wangu!"

"Hajja," alisema Ikram, "mume wako ana miaka themanini na mbili. Macho yalishajifumba bila uchawi."

Ua mzima ukacheka. Hajja hakucheka.

"Chekeni tu. Ila jueni, uchawi huu umepita tanurini kwa Abdeslam. Leo kwangu, kesho kwenu. Mimi ubao wangu hauvuki tena mlango ule. Tuoke majumbani, kwa gesi."

Kicheko kikakoma. Mmoja akasema ni kweli, mwenzake akaitikia, na Rhimo akawasikiliza. Miaka arobaini yule mtu amesimama mbele ya moto kwa ajili yao, na sasa wanamfungia mlango amelala na homa, hana habari. Tena hana jibu! Alitazama sinia. Mkate ulikuwa umepasuliwa vipande viwili, katikati mtupu.

"Tende iko wapi?" aliuliza.

"Nimeichoma pamoja na shabu, ya kuondoa uchawi. Imebaki majivu."

Rhimo aliona angeweza kunyamaza. Siri yake ingebaki nzima, na mwenye tanuri angekufa njaa kwa heshima. Hasira zikampanda, zikamsaidia.

"Huo mkate ni wangu."

"Wako?" Hajja Zhor alisogea nyuma. "Wa kumroga nani, dada yangu?"

"Wa kumjibu Abdeslam. Ameniposa."

Hajja Zhor akasahau kurudi nyuma, akasogea mbele.

"Ukamjibu nini?"

"Hajja, jibu umelichoma wewe!"

Rhimo hakuthubutu kumtazama Ikram, lakini Ikram alikuwa ameuma midomo asicheke.

"Mama, tunakanda mikate sita, tunakula mitano. Miaka miwili nadhani unalisha paka! Kumbe paka mwenyewe ana masharubu. Anwar niachie mimi."

Hajja Zhor ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Sasa umekaa hapa unangoja nini? Mtu ana homa, hana jibu! Akifa akidhani amekataliwa, dhambi si itakuwa yangu? Inuka, mama, inuka!"

Wakamtoa nje kwa mikono kumi. Alikwenda akichechemea, nao wakamfuata kwa nyuma hatua ishirini. Adabu, walisema wao. Wasikie vizuri, nasema mimi.

Abdeslam alifungua mlango mwenyewe, amejizungushia blanketi, mashavu yameingia ndani.

"Mpwa wangu amesema ubao wako ulikuwa na mikate mitano tu," alisema kabla ya salamu. "Nimeelewa, Lalla. Sikustahili hata zeituni."

Rhimo alikuwa hajazoea kumjibu kwa mdomo. Mikono yake ilitafuta cha kushika, haikuwa na ubao wala unga, na macho ya mwanamume yule yalikuwa yanasubiri kuumizwa. Akamwonea huruma, akamwonea na haya, akaionea zaidi nafsi yake kwa siku zote alizozitupa.

"Ndiyo," alisema.

"Nini?"

Kama ni homa iliyomziba masikio au ni ujanja wa kizee, mpaka leo wanabishana.

"Ndiyo! Nimesema ndiyo, mzee wewe! Nitaolewa na wewe! Au unataka nikupigie tarumbeta?"

Abdeslam akashikilia mlango asianguke, akaanza kulia bila haya yoyote, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Nyuma yao, Hajja Zhor akapiga kigelegele kilichowafungulisha madirisha hata waliokuwa hawana habari.