Majiko ya Kwenda Nchi ya Mafuta

Udongo wa bondeni ulikuwa wa baridi ya kuuma mifupa. Niyitegeka alikuwa akiukanyaga tangu alfajiri, khanga ameifunga juu ya magoti, visigino vimepasuka. Mvua ya usiku ilikuwa imeyabomoa majiko aliyoyaanika, na ilimbidi ayafinyange upya.

Hakuna aliyekuja kumsaidia. Kufinyanga ni kazi ya Watwa, na Mtwa alikuwa yeye peke yake katika kijiji kile kipya cha ng'ambo ya Makere. Operesheni ya vijiji ilipowateremsha watu milimani na kuwapanga mistari kando ya barabara, ilimpanga na yeye, nyumba ya mwisho, kupita josho la ng'ombe. Mkutanoni walitangaziwa kwamba sasa wote ni ndugu. Undugu huo haukuvuka kizingiti cha mtu. Wanawake walipikia vyungu vyake na kuchotea maji mitungi yake. Tangu mafuta ya taa yaadimike madukani Kasulu, kila nyumba ilikuwa na jiko lake pia, lile la udongo lenye tumbo dogo, linaloivisha maharage kwa vijiti vichache bila kumtoa mpishi machozi. Lakini akienda msibani, mwenye majiko alinyweshwa katika kigae cha chungu kilichovunjika. Akimaliza, kigae kilitupwa kichakani.

Mwenyekiti Venanti alimfuata hukohuko bondeni, akasimama mahali pakavu.

"Niyitegeka, majiko yako yanavuka bahari. Kuna nchi ina mafuta kama sisi tulivyo na mvua. Wanayataka."

"Wenye mafuta, baba? Ya nini tena?"

"Mafuta wanauza. Huko vijijini kwao wanawake wanabeba kuni kama ninyi."

Hilo alilielewa upesi.

"Na mimi?"

"Hii ni kazi ya taifa, mama. Taifa halidaiwi."

Niyitegeka alichomoa mguu kwenye tope. "Ego, sawa. Sidai fedha. Siku ya kuyaaga, naomba mrija. Ninywe mtungi mmoja na watu."

Alisema akiitazama miguu yake. Aibu ilimpanda hadi masikioni, kana kwamba ameomba kulala kitanda cha mwenzake. Venanti aliyatazama majiko yaliyobomoka. Lori la kuyapeleka bandarini lingebeba nini bila mikono ile?

"Ahadi ni deni," alisema hatimaye. "Utakunywa."

Siku ilifika. Mgeni wa nchi ya mafuta alikuja na Bwana Abdulrahmani, ofisa aliyekuwa akimtafsiria, na soda zao walizozinunua Kasulu. Majiko yalifungwa kwa majani makavu ya migomba, yakapakiwa kwa uangalifu kama mayai. Kisha mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati ya uwanja, wakubwa na baadhi ya majirani wakauzunguka na mirija yao. Venanti alitimiza neno lake. Alimwita Niyitegeka mbele ya mgeni, akampa mrija.

Niyitegeka alikuwa ameoga na kujipaka mafuta mpaka anang'aa. Alipiga magoti, akauzamisha mrija, akavuta. Pombe ilikuwa tamu. Alipoinua macho, jirani yake Winifrida, ambaye mwanawe hunywa uji wa jiko lile kila asubuhi, alikuwa amechomoa mrija wake na anaupangusa kwa gauni. Akachomoa mwingine. Na mwingine. Hakuna aliyetukana; watu wa pale wana adabu zao. Mirija ilitoka mmoja mmoja hadi ukabaki wa kwake.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona haya kwa kunywa, na haya zaidi kwa kuomba.

Mgeni aliuliza jambo. Abdulrahmani alimgeukia mwenyekiti. "Anauliza kwa nini wengine wameacha."

Venanti hakubabaika. "Mwambie ndiyo heshima yetu. Mtungi wote tumempa fundi wetu, aende nao nyumbani."

Abdulrahmani alikuwa na macho. Aliangalia chini, kisha akatafsiri hivyohivyo.

Mgeni alipiga makofi. Kijiji kizima kikapiga makofi, Winifrida kuliko wote.

"Shukuru, mama," Venanti alimnong'oneza bila kumsogelea. "Usituaibishe."

Akashukuru. Alipiga magoti tena, akapiga viganja kama alivyofunzwa kuwashukuru wakubwa. Mtungi ulikuwa mzito, na hakuna aliyesogea kumtweka. Mgeni ndiye aliyeinama, akamtweka mwenyewe, pombe ikamwagikia suti yake, naye akacheka kwa furaha.

Niyitegeka akashika njia ya josho la ng'ombe. Pombe ilimchuruzika shingoni, nzi wakamfuata. Nyuma yake alisikia mtungi mwingine ukiletwa na watu wakianza kuzungumza. Mgeni alikimbia akampita, akageuka, akainua kamera.

"Simama kidogo, mama," Abdulrahmani aliita. "Anataka picha ya kwenda na majiko. Anasema ucheke."

Akacheka.