Nguo za Theluji za Mahdi

Wanaosema maiti hafanyi kazi hawakuwahi kukaa New Hope, Minnesota. Mahdi alizikwa Jumatano, na Ijumaa baada ya alfajiri alionekana barabarani na pikapu yake, jembe la chuma mbele, mashine ya kurushia theluji nyuma, anasafisha njia za watu kama kawaida yake. Nyumba kumi na moja, na hakuna hata moja iliyolalamika. Alisafisha Desemba yote, akasafisha Januari, Machi ikamkuta bado yumo. Kama si nyasi kuota, pengine angekuwa anasafisha mpaka leo.

Tusizungushane. Aliyekuwa ndani ya zile nguo ni mkewe, Ummulkheir.

Mume na mke walikuwa wa kimo kimoja, wafupi, wembamba, mpaka siku ya harusi yao kule Lamu shangazi mmoja alisema hawa wamekatwa kwenye jora moja. Sasa mvishe mtu wa hivyo ovaroli nene ya rangi ya chungwa, kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, miwani mikubwa ya theluji na shali ya kuziba pua, nani atajua ni nani? Na baridi ya mwaka ule haikumruhusu mtu kuchungulia mwenzake. Ilikuwa baridi ambayo kivuli cha mtu kiliganda kwenye lami, ukitaka kuondoka lazima ukibandue kwanza kwa koleo. Asiyeamini aulize New Hope.

Hakupanga. Siku ya pili baada ya maziko theluji ilianguka inchi nane, na simu ya Mahdi, aliyoiacha kwenye chaji, ikaanza kutetemeka juu ya meza. Wateja. Mmoja aliuliza kama atapita kabla ya saa moja, mwingine alimkumbusha asisahau chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi, mwingine alimtakia tu asubuhi njema. Mahdi alikuwa na mikataba ya mwaka mzima: nyasi kuanzia Mei, majani yaliyopukutika Oktoba, theluji ikianguka tu. Alisema mwenye kukata nyasi peke yake ni kibarua, na mwenye kusafisha theluji peke yake ni kibarua, lakini mwenye yote mawili ni jamaa wa nyumba.

Ummulkheir aliishika simu, akaandika "Mahdi", akakaa. Akafuta. Akaandika tena "Mahdi", akakaa tena. Neno la pili halikuja.

Akawaza, bila kulia, maana kilio nacho hakikuja: Mahdi amekufa hospitalini Minneapolis, na hati ipo. Amekufa msikitini, walimsalia. Amekufa Maplewood kwa dada yake Zamzam, amekufa Lamu, ambako matanga yalikaliwa bila jeneza. Ila kwa hawa watu kumi na moja yu hai. Wanamngoja kabla ya saa moja. Nikiwaambia na hawa, atakuwa hayupo popote.

Mahdi alikuwa na desturi ya kumjibu kila mteja kwa ile picha ya kidole gumba, maana kuandika Kiingereza kulimchosha. Ummulkheir akapeleka vidole gumba kumi na moja. Basi. Ukishapeleka kidole, lazima uende.

Na hapo palikuwa na jambo. Mwanamke wa kwao akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajitii udi wala hina, haendi mahali pa watu, hatoki ila kwa haja. Sasa hesabu mwenyewe: tangu mwanzo wa Desemba, miezi minne na siku kumi, unafika katikati ya Aprili. Ndio msimu wote wa theluji wa Minnesota, ncha kwa ncha. Mahdi mwenyewe angekuwa na neno la kusema hapo. Angesema mume mwenye huruma hufa Mei.

Darasani aliwahi kusikia kwamba mwenye eda ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja ya riziki, mradi alale kwake. Ruhusa hiyo aliitia mfukoni pamoja na funguo za pikapu. Hakumwambia Zamzam. Zamzam alikuwa mwanamke mwema, lakini eda ya wifi yake alikuwa ameichukua kama mtihani wake mwenyewe. Alipiga simu ya picha kila siku saa nne kamili kumwangalia, na Ummulkheir saa nne kamili alikuwa ameshakaa kwenye kochi na mtandio mweupe, kope bado zina maji. Zamzam alidhani ni machozi. Ilikuwa barafu inayeyuka.

Kazi yenyewe aliijua. Miaka kumi na minne alimwona Mahdi akiitengeneza ile mashine jikoni juu ya magazeti. Alisukuma, akamwaga chumvi, akaenda nyumba ya pili. Mikono ilikuwa ikianza kuuma nyumba ya kwanza, ikizidi ya pili na ya tatu, na kufika nyumba ya nne haiumi tena. Inakufa ganzi. Aliitazama ikishika mpini, akaona ni mikono ya mtu fulani tu. Akaipenda sana nyumba ya nne. Kuanzia hapo mpaka ya kumi na moja hakukuwa na tofauti kati ya vidole na kila kitu kingine. Nyumbani aliosha vikombe, akapika wali, akaswali, akalala upande wake wa kitanda. Alhamisi, Ijumaa, zote zilikuwa rangi moja.

Kitu kimoja kilimsumbua. Ukosi wa ile ovaroli ulinuka petroli, na chini ya petroli udi wa Mahdi. Je, mwenye eda akivaa harufu ya marehemu, ameivunja eda? Angemuuliza nani swali hilo?

Wateja walipunga mkono madirishani, naye alijibu kwa vidole viwili kwenye kofia, alivyokuwa akifanya Mahdi. Aliyekuwa na maneno ni Griffins, nesi Mkenya wa nyumba ya saba, aliyekuwa akirudi kutoka shifti wakati mashine inanguruma. Zamani Mahdi alipiga naye soga mpaka chai yake inaganda kikombeni. Sasa Griffins ndiye akawa msemaji. Januari nzima aliegemea gari lake, akamweleza habari za mkewe Joan, kwamba hawasemezani, kwamba yeye hujifanya analala Joan akiingia. Ummulkheir akatikisa kichwa mahali pa kutikisa. Siku moja Griffins alimpiga kofi la begani.

"Sheikh, siku hizi umekuwa mtu wa maana. Zamani ulikuwa unaongea sana, huwezi kuambiwa kitu."

Ummulkheir akagusa kofia kwa vidole viwili. Wiki iliyofuata aliwaona Griffins na Joan wakitoka mlango mmoja, wanacheka, na akajua Mahdi ameanza kuwa na sifa ambazo hakuwa nazo akiwa hai.

Nyumba ya mwisho, ya kumi na moja, ilikuwa ya Mama Bernardine, bibi wa Kikongo wa miaka sabini na kitu, mwenye kiti cha magurudumu. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali lilimfuata kumpeleka kusafishwa damu, na ule mteremko wa mbao mbele ya mlango wake ulitakiwa uwe mweupe kwa chumvi, si kwa theluji. Mahdi alikuwa na mambo yake na Mama Bernardine. Alimgongea dirisha kila akifika, akampa uongo mmoja. Alimwambia amewahi kukata nyasi za nyumba moja kubwa sana huko Maplewood, kubwa kiasi kwamba alipomaliza nyuma akarudi mbele, za mbele zilikuwa zimeshamfika magotini na theluji juu yake. Bibi alicheka mpaka akashika kifua, kisha akamwambia aende zake.

Ummulkheir hakugonga dirisha. Angegonga, angesema nini? Alisafisha mteremko, akamwaga chumvi, akainua vidole viwili kuelekea pazia. Bibi, aliyekaa nyuma ya kioo na blanketi magotini, naye aliinua viwili.

Hivyo majira yakapita. Aprili, eda ikaisha. Zamzam alikuja na wanawake wanne, wakamwosha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikalia na meneja wa jengo akapanda mbio. Zamzam alimshika mabega mbele ya wote, akasema hajaona Amerika hii eda iliyokaliwa safi hivi, mwanamke hakutia pua nje. Wanawake wakaitikia mashallah. Ummulkheir aliangalia zulia. Siku mbili baadaye ikaanguka theluji ya mwisho, ya kizembe, na akaenda kuisukuma.

Alikuwa ametolewa eda. Hakuna aliyemtoa kwenye ovaroli.

Mei ikaja, nyasi zikasimama. Alishusha jembe la chuma, akapakia mashine ya kukatia nyasi, akavaa. Ovaroli ileile. Kofia ileile, shali ileile, miwani ya theluji. Mtu mwenye akili angeona kasoro, lakini yeye aliona njia moja tu: uso ukionekana, ataulizwa, na akiulizwa itabidi atoe lile neno la pili. Watu wa New Hope walitoka kwa kaptula na fulana, jua linachoma, wakamwona jirani yao Mahdi akikata nyasi amevaa kama anakwenda ncha ya dunia. Kwa adabu za Minnesota hakuna aliyesema kitu. Mbwa ndio waliobweka. Jasho lilijaa kwenye buti mpaka kila hatua ikawa na sauti ya chura.

Siku hiyo alianza na Mama Bernardine, kwa kuwa nyasi zake ndizo zilizokuwa ndefu zaidi. Alikata mstari wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu ardhi iliinama kidogo, mti ukahama mahali pake, na alipofumbua macho alikuwa amekaa chini kwenye mteremko wa mbao, mashine imejizima, na Mama Bernardine yuko kando yake kwenye kiti chake, ana jagi la maji.

"Toa ile kitu kichwani, mama," alisema bibi. "Utakufa hapa, na miye sina nguvu ya kukubeba."

Alimwita mama. Ummulkheir alilisikia hilo kutoka mbali. Mikono ikafungua shali, ikavua miwani, ikavua kofia. Maji alimwagiwa nusu kichwani na nusu akanywa.

Akauliza amejua lini.

"Ile theluji ya kwanza." Bibi aliweka jagi magotini. "Mahdi alikuwaka anaanzia kule barabarani. Anasukuma, anakuja kwangu. Weye ulianzia mlangoni, ukaenda nayo kule. Ni sisi wanawake tunafagiaka vile. Nikasema, bon, ule si Mahdi."

"Na hukuuliza?"

"Niulize nini? Nilijua ningeuliza ungenijibu." Alitazama nyasi zilizokatwa nusu. "Miye nilikaa pale dirishani nikasema, kama hakuna mtu amenieleza, mzee wa uongo angali mzima. Weye unanificha, miye ninakuficha. Lakini sasa jua ni kali, mama. Yeye hangetaka ufe na joto kwa ajili ya baridi."

Ummulkheir alifungua mdomo. Neno la kwanza lilitoka kama kawaida. Baada ya hapo akakaa, jinsi alivyokaa na simu mkononi Desemba. Bibi hakumsaidia, wala hakumharakisha. Gari la takataka lilipita, likabeba pipa, likaliweka chini, likaenda.

"Mahdi amekufa," alisema. "Alikufa tarehe nne Desemba. Moyo. Alidhani ni gesi."

"Eeh," alisema Mama Bernardine. "Pole, mama."

Mwenye kuwahi kushika theluji muda mrefu anajua, vidole vikiwa ganzi haviumi. Vinauma vikirudi. Ummulkheir alivibana vyake vyote kwapani, kama mtu aliyetoka nje Januari. Akabaki hapo mpaka jagi likaisha. Bibi alimweleza ile hadithi ya nyasi na theluji, vibaya, akisahau katikati, na Ummulkheir akamsahihisha: haikuwa magotini, nyumbani Mahdi alisema kiunoni. Wakabishana kidogo.

Kisha alivua ovaroli akabaki na gauni lake la dira na mtandio, akaiweka pamoja na kofia kwenye kiti cha abiria cha pikapu, akamalizia nyasi za bibi. Alianzia mlangoni.

Kwa Griffins alifika saa nane. Hewa ilimpiga shingoni na kwenye viganja, na kila mahali ilipompiga aliisikia. Alikuwa ameshakata upande mmoja pale mlango ulipofunguka, Griffins akatoka na soksi, kikombe mkononi, meno yote nje.

"Sheikh wangu, leo nina habari ya Joan hata huta…"

Akasita kwenye ngazi. Alimwangalia yule mwanamke mfupi, akaiangalia pikapu, akaiangalia ovaroli ya chungwa iliyokaa kwenye kiti cha mbele, kofia juu yake. Kikombe kikashuka taratibu.

Ummulkheir akazima mashine, ili asilazimike kulisema lile neno la pili kwa kupaza sauti.