Ndama Mwekundu wa Tusekile

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Tusekile alikuwa barazani kwake Ilomba akipachika vifungo kwenye mashati ya shule. Simu ikaita. Shangazi yake alikuwa anapiga kutoka Tukuyu. Asukile, kaka yake Tusekile, alikuwa amelizungushia seng'enge shamba la migomba la marehemu mama yao na kusema ni lake peke yake.

"Haya, shangazi," alijibu Tusekile, kama alivyozoea kila alipoudhiwa. Akakata uzi kwa meno, akapiga chafya, na hasira ikamtoka. Ilikuwa ndama mwekundu, mkavu bila ute wa kuzaliwa, amekwisha kusimama.

Ndama aliipiga cherehani teke, kisha akaelekea duka la vitambaa la jirani. Mwenye duka, Mama Zehra, akatoka na futi yake mkononi.

"Wa kwako huyu?"

"Wa kwangu. Ngoja nimmeze kabla hajakuvunjia kitu."

"Umemmeza miaka mingapi? Ona alivyonenepa. Mshike tu, dada. Usimfukuze, wala usimwachie dukani kwangu."

Tusekile akamkumbatia shingo. Moyo wa ndama ulikuwa unakwenda mbio, na wake vilevile. Akavuta pumzi, akaishusha, akavuta nyingine. Kwenye ya nane hivi, ndama akamlalia begani. Alikuwa na joto kama jiko, na kwa baridi ile wanawake wawili waliokuwa wanapita walisimama kupasha mikono joto.

"Unataka nini?" Tusekile alimuuliza.

Ndama akatazama upande wa Tukuyu.

Jumamosi wakapanda pikapu ya viazi. Walimkuta Asukile anakaza waya.

"Ndama mzuri," alisema baada ya salamu.

"Ni hasira yangu, kaka. Shamba la mama ni letu sote. Ulivyofanya sikubali."

Hakupaza sauti, wala hakuangalia chini. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hakuwa amewahi kumwambia kaka yake neno hilo.

Asukile akamkuna ndama nyuma ya sikio. "Mwanamke hapewi shamba, Tusekile. Ndiyo mila."

"Nimesikia. Bado sikubali."

Asukile akakata jani la mgomba, akampa ndama, akarudi kwenye waya wake.

Njiani kurudi Tusekile aliimba mpaka Uyole. Dereva akaitikia sauti ya tatu, ndama akaitikia yake. Usiku ule Tusekile alikula sahani mbili za wali, akalala kama mtoto.

Wiki iliyofuata bwana mifugo alipita kuandikisha ng'ombe wa mtaa.

"Jina?"

"Hasira."

Akaandika. "Wa maziwa au wa kuuza?"

"Wa kwenda naye Tukuyu kila mwezi."

Bwana mifugo alifikiri kidogo, akaandika "usafiri," akamvalisha ndama hereni ya manjano. Ilimpendeza sana.